Portsmouth: Matajiri wanne, msimu mmoja, na klabu iliyokosa hela ya mishahara

Jumapili ya Aprili 11, 2010, Portsmouth waliingia Wembley kucheza nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham. Siku moja tu kabla ya hapo walikuwa wameshashuka daraja rasmi. Wakashinda 2-0 katika muda wa nyongeza, Frédéric Piquionne akifunga la kwanza na Kevin-Prince Boateng akimalizia kwa penalti.

Benchi la Tottenham alikuwa amekaa Harry Redknapp, kocha yule yule aliyewapa Portsmouth kombe hilo miaka miwili nyuma. Mpira una mambo.

Kilichokuwa cha ajabu zaidi ni kwamba timu iliyotinga fainali siku ile ilikuwa haimilikiwi na mtu kwa maana ya kawaida. Maamuzi yote ya hela, kuanzia mshahara wa kipa hadi bili ya umeme, yalikuwa mikononi mwa mhasibu aliyewekwa kisheria kuinusuru isife. Ilikuwa klabu ya kwanza katika historia ya Premier League kufikishwa hapo.

Kila msimu tunasoma kwenye simu kwamba klabu fulani imepata tajiri mpya, na kila msimu kuna nyingine inachungulia kaburi la madeni. Habari hizi mbili zina undugu kuliko zinavyoonekana, na kisa cha Portsmouth ndicho kinachouonyesha vizuri.

Walikuwa timu ya maana

Kama ulikuwa unaangalia mpira kwenye vibanda umiza mwaka 2008, huna haja ya kukumbushwa. David James golini, Sol Campbell beki, Lassana Diarra na Sulley Muntari katikati, John Utaka pembeni, na mbele mzee mzima Nwankwo Kanu.

Machi mwaka huo waliitoa Manchester United pale pale Old Trafford kwa penalti ya Muntari. Mei 17 wakabeba kombe kwa kuifunga Cardiff City 1-0, bao la Kanu. Novemba wakatoka sare ya 2-2 na AC Milan kwenye Kombe la UEFA.

Ila ukiwa unafikiri kwa kichwa cha mfanyabiashara, ulikuwa unajiuliza swali moja: hawa wanawalipaje watu hawa? Uwanja wao, Fratton Park, unachukua watu kama 20,000 tu. Ni uwanja wa kizamani uliobanwa na nyumba za watu. Hela ya milangoni haiwezi kulipa nyota wa namna ile, na ya televisheni peke yake haitoshi.

Jibu lilikuwa mfuko wa mmiliki, Alexandre Gaydamak, aliyeingia klabuni Januari 2006 na kuichukua yote katikati ya mwaka huo. Yeye ndiye aliyekuwa anaziba pengo kati ya kinachoingia na kinachotoka.

Hela ya tajiri huwa ni deni

Hapa ndipo mashabiki wengi wanapopigwa chenga. Tunasema "tajiri ameweka hela", tunadhani ametoa zawadi. Kwenye vitabu vya klabu nyingi, hela hiyo inaandikwa kama mkopo. Yaani mmiliki anaikopesha klabu yake mwenyewe, na siku akiondoka anabaki kuwa mtu anayeidai.

Chukua duka la mtaani. Mwenyewe anataka kuliuza, anakutajia bei ndogo hadi unashangaa. Kumbe duka linadaiwa na muuza unga wa jumla, kodi ya pango ina miezi mitano haijalipwa, na nusu ya bidhaa zilizo kwenye rafu zimechukuliwa kwa mkopo. Ukilinunua, umenunua na hayo. Tena yule mwenye duka wa zamani anakwambia: "Na ile hela yangu niliyoitia humu, utanirudishia taratibu."

Klabu inauzwa hivyo hivyo. Ndiyo maana utasikia klabu imenunuliwa kwa pauni moja. Bury, klabu ya madaraja ya chini Uingereza, iliuzwa kwa pauni moja Desemba 2018. Agosti 2019 ilifukuzwa kwenye ligi kwa sababu mmiliki mpya alishindwa kuonyesha hela ya kuiendesha.

Kwa hiyo bei ya kununua si hoja kubwa. Hoja ni kama mnunuzi ana hela ya mwezi wa kwanza, wa pili, na wa ishirini. Mishahara ya wachezaji haisubiri, na kodi ya serikali haisubiri.

Mikono minne

Baada ya msukosuko wa kifedha wa dunia wa mwaka 2008, Gaydamak aliweka wazi kwamba anatafuta wa kumuuzia. Bomba lilipofungwa, klabu ikaanza kuuza wachezaji ili iishi. Diarra akaenda Real Madrid, Jermain Defoe akarudi Tottenham, Glen Johnson akaenda Liverpool, Peter Crouch naye Tottenham. Redknapp mwenyewe alikuwa ameshaondoka Oktoba 2008.

Agosti 2009 akatokea Sulaiman Al Fahim, mfanyabiashara wa majengo kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu. Jina lake lilikuwa kubwa, maana mwaka mmoja nyuma ndiye aliyekuwa anaongea na vyombo vya habari wakati Manchester City inanunuliwa na watu wa Abu Dhabi. Mashabiki wa Portsmouth wakaona sasa zamu yao imefika.

Haikufika. Kusimama mbele ya kamera kwa niaba ya wenye hela hakukufanyi wewe kuwa na hela zao. Mwishoni mwa Septemba mishahara ya wachezaji ikachelewa, na mapema Oktoba, wiki kama sita tu tangu anunue, Al Fahim akaachia asilimia 90 ya hisa.

Aliyezichukua ni Ali al-Faraj wa Saudi Arabia. Huyu alikuwa kama jini. Mashabiki hawakuwahi kumwona uwanjani, na wapo waliofika mahali pa kuuliza kama kweli yupo. Mishahara iliendelea kuchelewa. Desemba mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, ikaenda mahakamani kuomba klabu ifungwe kwa kutolipa kodi. Mwanzoni mwa Februari 2010 hata tovuti ya klabu ilizimika kwa sababu ya bili ambayo haijalipwa.

Mkono wa nne ulikuwa wa Balram Chainrai, mfanyabiashara wa Hong Kong. Yeye hakuja kama shabiki wala mwekezaji. Alikuwa ameikopesha klabu takriban pauni milioni 17 chini ya al-Faraj, na mkopo ulikuwa na dhamana. Deni lilipokwama, Februari 2010 akachukua dhamana yake, yaani klabu yenyewe. Kama benki inavyochukua nyumba.

Ukiwahesabu kuanzia Gaydamak, ni wamiliki wanne ndani ya msimu mmoja. Kilichowauma zaidi watu wa Portsmouth ni kwamba ligi ilikuwa na kipimo cha kuangalia kama mmiliki anafaa, na wanunuzi wote hao walipita. Kipimo cha wakati ule kiliangalia zaidi kama mtu ana rekodi ya uhalifu au aliwahi kufilisika. Swali la msingi, hela iko wapi na itatosha hadi lini, halikuwa na meno.

Uingereza imelijibu swali hilo kisheria mwaka 2025 tu, ilipopitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka mwenye mamlaka ya kuchunguza wamiliki na hela zao. Miaka 15 baadaye! Na Oktoba mwaka huo huo Sheffield Wednesday wakaangukia shimo lile lile na kukatwa pointi 12.

Msimamizi si mfilisi

Februari 26, 2010, Portsmouth ikawekwa chini ya msimamizi. Hapa tuwe makini, kwa sababu watu wanachanganya.

Mfilisi akija, biashara imekufa. Kazi yake ni kuuza kilichopo, viti, magoli, gari la timu, na kugawia wanaodai.

Msimamizi anakuja biashara ikiwa mahututi. Sheria inaweka ukuta kuizunguka klabu. Kwa muda huo wanaodai hawawezi kuikamata mali yake wala kuendelea na kesi za kutaka ifungwe. Msimamizi anachukua madaraka yote kutoka kwa wakurugenzi, anapunguza gharama, anatafuta mnunuzi, na anawaita wanaodai wakubaliane kulipwa kidogo.

Wakenya walionunua vitu Nakumatt wanalijua hili bila kufundishwa. Supamaketi ile iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na sheria iliyotumika, ya mwaka 2015, imefuata kwa kiasi kikubwa mfumo wa Uingereza. Rafu zilikuwa tupu lakini milango ilibaki wazi kwa muda. Mwisho wake haukuwa mzuri.

Kwenye mpira kuna adhabu ya ziada. Kwa kuwa klabu imepata kinga ambayo wenzake wanaolipa madeni hawana, ligi inaikata pointi. Portsmouth walikatwa 9, wakamaliza msimu na 19, mkiani kabisa.

Kuna watu mpaka leo wanasema pointi 9 ndizo zilizowashusha. Hesabu inakataa. Ukirudisha zile 9 wanafika 28, na Hull na Burnley walioshuka nao walikuwa na 30. Kilichowashusha ni kuuzwa kwa timu, miezi mingi kabla msimamizi hajafika.

Na msimamizi naye alianza na kisu. Machi 2010 wafanyakazi 85 walipunguzwa. Si washambuliaji wale, ni watu wa ofisini, wa dukani na wa kazi za kila siku za klabu.

Nani analipwa, nani anaumia

Sehemu hii ndiyo inayonikera mimi binafsi.

Klabu ilikuwa inadaiwa zaidi ya pauni milioni 100. Mpango uliopitishwa na wanaodai Juni 2010 ulikuwa kulipwa peni 20 kwa kila pauni, tena kwa awamu. Kama ulikuwa unawadai 1,000, utapata 200, na si leo.

Lakini si wote. Mpira wa Uingereza una kanuni yake: klabu nyingine zinazodai ada za usajili, na wachezaji wanaodai mishahara, lazima walipwe zote. Usipowalipa, huruhusiwi kuendelea kwenye ligi. Kwa hiyo Chelsea au Tottenham wakikudai, wanapata pauni kwa pauni. Mchezaji wa kulipwa maelfu kwa wiki naye anapata yote.

Wanaobaki kugawana peni 20 ni mamlaka ya kodi, yaani hela ya shule na hospitali, pamoja na wafanyabiashara wa mji ule waliouzia klabu chakula, uchapishaji na huduma. Kwenye orodha ya wanaodai walikuwemo St John Ambulance, watu wa kujitolea wanaokaa pembeni ya uwanja kutoa huduma ya kwanza. Walikuwa wanadai kama pauni 2,700.

Wanaoitetea kanuni wanasema hivi: klabu isipolipa ada ya mchezaji, klabu iliyouza nayo itashindwa kulipa nyingine, halafu ligi nzima inaanguka kama mstari wa matofali. Kuna ukweli ndani yake. Ila matokeo yake ni kwamba klabu inayotumia hovyo inajua wakubwa wenzake hawatakasirika, kwa kuwa watalipwa tu. Atakayelia ni muuza mikate.

HMRC walikwenda Mahakama Kuu kupinga mpango huo, wakashindwa Agosti 2010. Waliishitaki pia Football League kuhusu kanuni yenyewe. Mwaka 2012 wakashindwa tena.

Mara ya pili

Ungedhani baada ya hapo walijifunza. Oktoba 2010 klabu ilinusurika kufungwa kabisa kwa sababu ya mvutano na Gaydamak, ambaye bado alikuwa anadai na alikuwa anamiliki ardhi iliyouzunguka uwanja. Unaona? Mtu ameshauza klabu, lakini kitasa cha mlango bado anacho yeye. Makubaliano yakapatikana dakika za mwisho, na klabu ikarudi kwa Chainrai.

Juni 2011 akaja mnunuzi mwingine, kampuni ya Vladimir Antonov, mwenye benki kutoka Urusi. Novemba mwaka huo benki yake kubwa huko Lithuania, Snoras, ikachukuliwa na serikali na hati ya kumkamata ikatolewa. Kampuni iliyokuwa inamiliki Portsmouth nayo ikawekwa chini ya msimamizi. Klabu haikuwa imekosa chochote uwanjani, lakini bomba lilikuwa limekatwa tena, huko mbali, kwenye benki ambayo shabiki wa Fratton hajawahi kuisikia.

Februari 17, 2012, msimamizi akarudi. Pointi 10 zikakatwa, wakashuka League One. Kiangazi kile wachezaji wote wa kulipwa wa kikosi cha kwanza wakaondoka, na msimamizi, Trevor Birch, alikuwa ameshasema kwamba wasipokubali kuondoka na kusamehe sehemu ya mishahara, klabu itafungwa Agosti. Msimu uliofuata pointi 10 nyingine zikakatwa, wakashuka League Two. Kutoka bingwa wa FA mwaka 2008 hadi daraja la nne mwaka 2013. Miaka mitano.

Wenyeji wakachanga

Kwa muda wote huo kundi la mashabiki lilikuwa linachangishana. Hisa moja iliuzwa pauni 1,000. Walioweza walinunua yao, wasioweza walichanga kwa vikundi, familia na marafiki wa baa moja. Wenye uwezo mkubwa kidogo wakaongeza juu yake.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa uwanja. Chainrai alikuwa na dhamana juu ya Fratton Park, na bila uwanja hununui klabu, unanunua jezi na jina. Bei ilibishaniwa hadi Mahakama Kuu London. Aprili 2013 wakakubaliana pauni milioni 3, na Portsmouth ikawa mali ya mashabiki wake, klabu kubwa kuliko zote Uingereza kumilikiwa hivyo kwa wakati ule.

Hakukuwa na usajili wa kutisha. Walichofanya ni kulipa. Madeni ya zamani waliyorithi, yakiwemo ya wachezaji waliokwishaondoka, walitangaza kuyamaliza Septemba 2014, kabla ya muda waliopewa. Mei 2017 wakatwaa ubingwa wa League Two.

Mwezi huo huo wakapiga kura ngumu. Michael Eisner, bosi wa zamani wa Disney, alitaka kununua kwa pauni milioni 5.67 na kuahidi kuingiza nyingine milioni 10. Baada ya yote waliyopitia kwa matajiri, wamuuzie tajiri?

Wengi walikubali. Hoja yao ilikuwa ya mfukoni: uwanja wa Fratton ulikuwa umechakaa na unahitaji mamilioni ya matengenezo, ambayo michango ya pauni 1,000 isingeyafikia. Wapo waliokataa hadi dakika ya mwisho, na sababu yao unaweza kuibashiri. Tofauti ya safari hii ni kwamba muuzaji alikuwa anaijua kila karatasi, klabu haikuwa na deni la zamani, na uwanja ulikuwa ndani ya mauzo.

Mauzo yakakamilika Agosti 2017. Ikawachukua hadi Aprili 2024 kutwaa ubingwa wa League One na kurudi Championship, daraja ambalo waliliacha mwaka 2012 msimamizi akiwa ofisini.